Ndama aliyetoka matumbo nje na ndama mwenye uvimbe wa kitovu: je, ni tatizo moja?

Mfugaji mmoja ameniuliza swali ambalo ninaona linastahili jibu refu. Ng'ombe wake, aliyekuwa akizaa kwa mara ya tatu, alishikwa na uchungu kutwa nzima bila dalili ya ndama kutoka. Msaidizi wake alipoingiza mkono alikuta matumbo laini na ya moto mahali ambapo alitarajia kukuta miguu, akaamini kwamba mji wa mimba umepasuka na kwamba anashika utumbo wa ng'ombe mwenyewe. Daktari wa mifugo alipofika alifanya upasuaji, akamtoa ndama ambaye uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda kinyumenyume hadi mkia ukakaribia kisogo, tumbo na sehemu ya kifua zikiwa wazi, ini na utumbo vikining'inia nje, na moyo bado ukipiga mbele ya macho ya wote. Miezi michache kabla ya hapo, ng'ombe mwingine wa zizi hilohilo, aliyepandwa na fahali yuleyule, alizaa ndama jike mwenye uvimbe kwenye kitovu wenye ukubwa wa yai la kuku. Mfugaji anataka kujua mambo matatu: kama dawa ya minyoo aliyompa ng'ombe katika mwezi wa sita wa mimba ndiyo iliyoleta balaa hilo, kama ndama hao wawili wana ugonjwa mmoja, na kama inampasa amwondoe ng'ombe, fahali, au wote wawili.

Nianze na lile ambalo naona linakusumbua zaidi. Dawa uliyoitoa katika mwezi wa sita haikufanya jambo hili, wala haingeweza kulifanya, kwa sababu ukuta wa mwili wa ndama yule ulikuwa umekwisha kukosea njia miezi mingi kabla ya siku hiyo. Ili uone kwa nini ninasema hivi kwa uhakika, inabidi kwanza tutazame jinsi ukuta huo unavyojengwa.

Kiinitete cha mnyama, awe ng'ombe, mbuzi, nguruwe, farasi au mbwa, hakianzi kikiwa na umbo la mwili wenye tumbo na mgongo. Katika wiki zake za kwanza ni kama kitanga chembamba chenye tabaka tatu, kilicholala bapa. Kisha kingo zake huanza kujikunja kuelekea chini: ya mbele inainama na kuleta sehemu ya moyo chini ya shingo, ya nyuma inaleta sehemu ya mkia, na za ubavuni, kushoto na kulia, zinashuka na kusogeleana kama pande mbili za joho linalofungwa kifuani. Pande hizo zikikutana, kinachobaki wazi ni tundu moja tu, nalo ni kitovu, ambapo kiungamwana kinapita kwenda kwenye kondo. Baada ya hapo chembe za misuli, zinazotoka kwenye vipande vya tishu vilivyopangika kandokando ya uti wa mgongo, husafiri ndani ya ukuta huo mwembamba hadi zinapofika katikati ya tumbo, zikiupa nguvu. Mahali misuli ya kushoto na ya kulia inapokutana panabaki mshono mweupe wa kano unaokwenda kutoka kidarini hadi nyonga, ambao mchinjaji yeyote anaujua kwa sababu ndipo kisu kinapopita bila kukata nyama.

Kuna jambo moja la ziada ambalo huwashangaza watu wengi. Wakati fulani mapema katika mimba, utumbo wa kijusi kilicho kizima kabisa hutoka nje ya tumbo na kuingia ndani ya kiungamwana, kwa sababu utumbo hurefuka kwa kasi huku ini likijaza nafasi yote iliyopo. Tumbo likishapanuka, utumbo hujizungusha na kurudi ndani. Kwa hiyo kila mnyama aliye hai leo amewahi kuwa na utumbo nje, na tofauti ni kwamba wake ulirudi na tundu likafunga.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, na kazi hii ya kujikunja na kufunga hufanyika karibu yote katika mwezi wa kwanza na nusu. Kwa kuwa hata daktari mzoefu kwa kawaida hawezi kuitambua mimba kwa mkono kabla ya siku ya 35 hivi, ukuta ule ulikosea wakati ambapo huenda wewe mwenyewe ulikuwa bado hujui kama ng'ombe amekamata mimba. Hakuna lishe, mwendo, teke wala dawa ya mwezi wa sita inayoweza kurudi nyuma ikaufungua ukuta uliokwisha kufunga kwa namna uliyoieleza.

Sasa kuhusu ndama mwenyewe. Maelezo yako ya mgongo uliopinda kinyume, matumbo nje na moyo unaoonekana yananifanya niseme bila kusita kwamba alikuwa na kasoro inayoitwa skistosomusi refleksusi. Jina hilo huwatisha wafugaji kwa sababu linafanana na jina la kitaalamu la kichocho, na nimewahi kuulizwa kama ng'ombe ameambukizwa kutoka majini. Hayana uhusiano wowote. Neno la Kigiriki lililo ndani ya majina yote mawili lina maana ya mwili uliopasuka: kwa mnyoo wa kichocho lilitolewa kwa sababu ya umbo la dume lake, na kwa ndama lilitolewa kwa sababu mwili wake uko wazi kwa mbele. Refleksusi ni neno la Kilatini lenye maana ya kukunjwa kinyume, nalo ndilo linaloeleza ule mgongo.

Kasoro hii huonekana zaidi kwa ng'ombe kuliko kwa mnyama mwingine yeyote wa kufugwa, ingawa kondoo, mbuzi na nguruwe nao huipata, na mara chache sana mbwa na paka. Ndani yake kuna mambo yanayokuja pamoja: uti wa mgongo uliopinda vikali, ukuta wa tumbo na mara nyingi wa kifua ambao haukukutana katikati, nyonga iliyoharibika umbo, viungo vya miguu vilivyokakamaa visikunjike, na mapafu madogo yasiyokua ipasavyo. Kwa baadhi yao pande za ukuta wa mwili zimepinda kwenda juu kuelekea mgongoni badala ya kushuka kuelekea tumboni, hivi kwamba ngozi inakuwa mfuko unaofunika kichwa na miguu, manyoya yakiwa upande wa ndani. Anayeingiza mkono katika hali hiyo anakuta donge la mviringo lenye utelezi, na huweza kukaa muda mrefu bila kuelewa ameshika nini.

Moyo ulikuwa ukipiga kwa sababu ndani ya mji wa mimba ndama hatumii mapafu yake. Damu yake husafishwa na kulishwa kupitia kondo, na mradi kiungamwana hakijakatika, moyo una kila sababu ya kuendelea. Hiyo haikuwa na maana kwamba angeweza kupona. Akishatoka, ndama wa aina hii hawezi kuishi, na daktari anayemkatishia maisha mara moja kwa njia isiyo na mateso anafanya linalopasa. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu nimeona watu wakimfunika na kumwacha pembeni huku wakishughulika na mama yake, wakidhani kwamba mwili ulioharibika kiasi kile hauhisi. Hatuna haki ya kulidhania hilo.

Kosa la msaidizi wako, la kudhani kwamba mji wa mimba umepasuka, linaeleweka, tena linatokea hata kwa wenye uzoefu. Ninaliongelea kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo maisha ya ng'ombe yanapoamuliwa. Mkono unapokutana na utumbo kwenye njia ya uzazi kuna uwezekano wa aina mbili: ama utumbo ni wa ndama mwenye ukuta wazi, ama mji wa mimba umechanika kweli na utumbo wa mama umeingia. Njia ya kutofautisha ni kufuata kwa utulivu kile ulichoshika hadi kwenye chanzo chake. Utumbo wa ndama ni mwembamba, na ukiufuata utafika kwenye ini au figo ndogo, kisha kwenye ukingo wa ngozi yenye manyoya, ambayo haiwezi kuwa ya mtu mwingine ila ya ndama. Utumbo wa mama ni mpana na mzito, na ukiufuata utakupitisha kwenye mchaniko wa ukuta wa mji wa mimba ambao kidole kinaweza kuzunguka kingo zake. Kwa hali yoyote ile, ukikuta matumbo, usifunge kamba, usivute, wala usiite watu wa kuvuta. Ndama mwenye mgongo uliopinda na miguu iliyokakamaa hawezi kunyooka kama ndama wa kawaida anavyonyooka akivutwa, na miguu hiyo inaweza kuutoboa mji wa mimba, ukawa umetengeneza kwa mkono wako ule mpasuko uliokuwa ukiuogopa.

Daktari ana njia mbili. Ya kwanza ni kumkata ndama vipande akiwa ndani, kwa waya maalumu unaopita kwenye mirija ya chuma ili usiumize njia ya uzazi. Njia hii hufaa zaidi pale viungo vya ndani vinapotangulia, kwa sababu vikitolewa mwili hupungua ukubwa, kisha waya huukata uti wa mgongo kwenye pindo lake, na pande mbili hutolewa moja baada ya nyingine. Ndama akiwa bado hai, si jambo la kufanywa kabla ya kuhakikisha kwamba amekufa. Njia ya pili ni upasuaji wa ubavuni, kama alivyofanyiwa ng'ombe wako, ambao huwa afadhali pale miguu yote minne na kichwa vinapotangulia pamoja au njia inapokuwa nyembamba. Mkato wake huwa mrefu kuliko wa ndama wa kawaida, kwa sababu mwili uliokakamaa haukunjiki kupita kwenye tundu dogo. Kwa hiyo ukiona mshono wa ng'ombe wako ni mrefu kuliko ulivyotarajia, usidhani kwamba daktari alikosea.

Niingie kwenye swali lako la pili, la ndama jike mwenye uvimbe wa kitovu. Kasoro zote za ukuta wa tumbo huonekana kuwa ndugu kwa mtu anayezitazama kwa mbali, kwa sababu zote zina kitu cha ndani kilichotoka mahali pake. Zinatofautishwa kwa kutazama mambo mawili: kiungamwana kimeshikana na nini, na ukingo wa tundu ukoje. Ningependa kila mfugaji na kila mwenye mbwa wa kuzalisha ajizoeze kuyatazama kabla hajakizika au kukitupa kichanga kilichokufa.

Katika kasoro iitwayo omfalosele, tundu liko kwenye kitovu chenyewe, na viungo vilivyotoka viko ndani ya mfuko mwembamba unaong'aa, ambao kiungamwana kimeota juu yake. Huu ni utumbo ambao ulitoka mapema na haukurudi, na wakati mwingine ini nalo limeufuata. Mfuko huo huweza kupasuka wakati wa kuzaliwa, ndiyo maana ni lazima utafute mabaki yake kuzunguka ukingo kabla hujasema haukuwapo. Katika gastroskisisi hakuna mfuko kabisa. Kiungamwana kiko mahali pake kizima, na tundu liko kando yake kidogo, likiwa na ukingo laini. Kwa kuwa utumbo umeelea ndani ya maji ya uzazi kwa muda mrefu, unakutwa mzito, uliovimba, usiong'aa, na mara nyingi vipande vyake vimegandamana.

Hali ya tatu si kasoro ya kuumbwa hata kidogo, ingawa husingiziwa hivyo kila siku. Mbwa jike, hasa anayezaa kwa mara ya kwanza, hutafuna kiungamwana karibu mno na tumbo au hukivuta, na ukuta wa kitovu cha kichanga unachanika. Hali kama hiyo hutokea pia kwa vichanga vya nguruwe. Hapo utaona ukingo uliochanika ovyo, damu mbichi, na utumbo mwekundu unaong'aa na kuteleza, kwa sababu umekuwa nje kwa dakika chache tu. Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwani mama wa aina hiyo hana kasoro ya kurithisha; anahitaji mtu wa kukaa naye anapozaa.

Mwisho kuna ngiri ya kitovu, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote kwa ndama, na ndiyo ninayoidhani kwa ndama wako jike. Hapa ukuta ulijikunja vizuri, misuli ikafika, utumbo ukarudi. Lililopungua ni kufunga tu kwa lile tundu la mwisho baada ya kiungamwana kukatika. Ngozi imefunika kila kitu, na chini yake kuna pete ya msuli iliyoachwa wazi, ambayo mafuta ya tumbo au, kwa ndama, tumbo la nne, hupenya na kutuna. Ni tofauti ya umbali mrefu na ya wakati mrefu kutoka kwa skistosomusi, ambayo huanza pale mwili mzima unapojikunja. Kwa sababu hiyo ninakujibu kwamba ndama wako wawili hawana ugonjwa mmoja. Kwamba walikuwa na baba mmoja ni jambo la kuzingatia, nami nitalirudia, lakini halitoshi kuwafanya wagonjwa wa aina moja.

Kumpima ndama huyo ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Mlaze chali au ubavu, bonyeza uvimbe taratibu uone kama unaingia ndani, kisha tia ncha za vidole kwenye pete uhesabu vinaingia vingapi. Pete isiyozidi vidole viwili kwa ndama mchanga, yenye uvimbe laini, usio na moto, unaorudi ndani bila maumivu, mara nyingi hujifunga katika miezi ya mwanzo, na huhitaji kupimwa kila wiki na kuandikwa. Pete inayozidi vidole vitatu, au inayopanuka, au ambayo bado iko wazi ndama akiwa na miezi sita, inahitaji kushonwa na daktari. Uvimbe ukiwa mgumu ghafla, ukawa wa moto, ukakataa kurudi, ndama akaacha kunyonya, usingoje asubuhi: utumbo umebanwa na damu haipiti.

Lipo kosa moja ambalo linaua ndama, nalo ni kukata uvimbe wa kitovu kwa wembe kwa kudhani ni jipu. Majipu ya kitovu yapo kweli, na husababishwa na uchafu ulioingia kwenye mabaki ya kiungamwana, ambako kuna mshipa unaokwenda kwenye ini, mishipa miwili ya ateri inayopita kando ya kibofu, na mrija uliotoka kwenye kibofu chenyewe. Mara nyingine jipu na ngiri huwa pamoja, na jipu hilo linaweza kuwa ndilo lililozuia tundu lisifunge. Mkono peke yake hautoshi kuyatenganisha wakati wote. Altrasaundi au sindano ya daktari ndivyo vinavyoamua. Wembe ukikutana na ngiri, utumbo utamwagika mchangani mbele yako.

Kasoro za sehemu ya juu ya ukuta nizitaje kwa ufupi, kwani hazikukugusa. Kidari kikikosa kuungana, moyo huweza kukaa nje ya kifua, na kwa ndama kuna umbo la pekee ambapo moyo hukaa shingoni chini ya ngozi, ukionekana kudunda karibu na koo; baadhi ya ndama hao wameishi hadi kukua, jambo ambalo wenye moyo ulio wazi nje ya ngozi hawalifikii. Kwa mbwa na paka ipo kasoro ambayo kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hakikukamilika, na ini au utumbo huingia ndani ya mfuko wa moyo. Mbwa wa aina ya Weimaraner na paka wa Kiajemi huipata zaidi. Hao mara nyingi huonekana wazima kwa miaka, mpaka picha ya eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine ionyeshe moyo mkubwa usio wa kawaida. Mtoto wa mbwa mwenye ngiri ya kitovu iliyo juu kidogo kuliko kawaida, karibu na kidari, anastahili kupigwa picha hiyo mapema.

Tukirudi kwenye chanzo, wapo wanaotaka kupewa jibu moja, nami siwezi kuwapa. Katika skistosomusi ya ng'ombe, dalili zinaelekeza kwenye urithi wa jeni iliyofichika, ambayo mnyama mwenye nakala moja haonyeshi lolote, na ndama huharibika akipokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hata hivyo hesabu zake hazitoki sawasawa kama za kasoro nyingine za kurithi, na pacha wa ndama aliyeharibika anaweza kuzaliwa mzima kabisa. Ngiri ya kitovu nayo ina urithi ndani yake, katika ng'ombe na nguruwe vilevile, lakini imechanganyika na uambukizo wa kitovu na mambo ya malezi. Ndama na wanakondoo waliotungwa maabara na kupandikizwa huweza kukua kupita kiasi tumboni na kuzaliwa na kitovu kinene na ukuta wa tumbo usiofunga. Huu ni mfano ulio wazi wa ukuta kuvurugwa na mazingira ya siku za kwanza kabisa za uhai, jeni zenyewe zikiwa hazikubadilika maandishi.

Kwamba chakula na dawa vinaweza kuharibu kijusi si jambo la kubishaniwa. Mwaka 1933, mtafiti Fred Hale wa Texas alieleza jinsi nguruwe waliokoseshwa vitamini A kabla na mwanzoni mwa mimba walivyozaa watoto wasio na macho, na tangu hapo wazo kwamba kila kasoro ni ya damu lilianza kulegea. Albendazoli, dawa ya minyoo inayotumika sana, imejulikana kuleta kasoro ikitolewa katika wiki za mwanzo za mimba, hasa kwa kondoo, na griseofulvini, dawa ya ukungu wa ngozi, haifai kabisa kwa paka mwenye mimba. Ona kwamba katika mifano yote hii wakati ndio unaoamua. Kwa hiyo hofu yako ya dawa ya minyoo haikuwa ya kipuuzi. Ilikosea tarehe tu. Kuanzia sasa, kila dawa utakayompa jike aliyepandwa, iandike pamoja na siku aliyopandwa, na uepuke albendazoli katika mwezi na nusu wa kwanza.

Je, mambo haya yangeweza kuonekana kabla ya kuzaliwa? Kwa binadamu altrasaundi huonyesha kasoro nyingi za ukuta wa tumbo, kwa sababu mama hupimwa kwa kusudi hilo. Kwa mifugo, kipimo hufanywa zaidi kujua kama mimba ipo na ina siku ngapi, na kijusi cha ng'ombe hukua haraka hadi hakienei tena kwenye picha. Kwa mbwa na paka nafasi ni bora, lakini mpimaji akumbuke lile nililolisema juu ya utumbo unaotoka na kurudi, asije akawatangazia wenye mnyama habari ya kasoro wakati ambapo kijusi kiko katika hatua yake ya kawaida. Picha ya kutia shaka irudiwe baada ya siku kadhaa.

Na kwa yeyote atakayekutana na kichanga hai chenye utumbo nje, awe mtoto wa mbwa, wa mbuzi au ndama, la kwanza ni kutoyasukuma matumbo ndani kwa vidole, kwani pete ikibana yatakufa, na uchafu utaingia pamoja nayo. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji ya chumvi ya dripu yaliyopashwa joto la mwili, zungushia kitu kisichopitisha maji ili yasikauke, mtenge na mama yake asilambe wala kutafuna, mpashe joto, na umfikishe kwa daktari ndani ya muda mfupi uwezekanavyo. Kama tundu ni dogo na utumbo una rangi nzuri, upasuaji unaweza kufanikiwa, hasa kwa ndama. Kama tumbo limezoea kuwa tupu na viungo vilivyo nje ni vingi, kuvirudisha kwa nguvu hukibana kiwambo, na kichanga hushindwa kupumua. Hapo daktari akikushauri kumpumzisha, ana sababu ya kweli.

Sasa uamuzi wa fahali na ng'ombe. Tuchukue kwamba kasoro ya ndama wako ni ya jeni iliyofichika. Basi fahali na mama wote ni wabebaji. Wakipandana tena, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuharibika. Fahali huyo akipanda ng'ombe wasio wabebaji, hakuna ndama atakayeonekana na shida, lakini nusu ya watoto wake watakuwa wabebaji; na akiachwa zizini akawapanda binti zake mwenyewe, uwezekano ni 1 kati ya 8, na hutajua imetoka wapi. Kwa kuwa fahali mmoja huzaa ndama wengi kuliko jike mmoja, ninashauri aondoke kwenye kazi ya kupanda, wala asiuzwe kwa mfugaji mwingine kama fahali wa mbegu bila habari hii kutajwa. Kama ni mbegu za uhimilishaji, mpe taarifa aliyezileta, pamoja na namba ya fahali na picha za ndama, ili jirani zako na wengine msiowajua wasiingie hasara hiyohiyo.

Ng'ombe mwenyewe simwondoi kwa tukio moja. Amekwisha kuzaa salama mara mbili, na akipandwa na fahali wa ukoo mwingine kabisa, hatari ni ndogo sana. Ila binti zake wasirudishwe kwa fahali wa ukoo wa yule wa kwanza. Yeye mwenyewe asipandwe kabla ya siku 60 tangu upasuaji, na afadhali zifike 90, na kabla ya hapo daktari apime kama mji wa mimba umesafika na haukushikana na mshono, maana baada ya upasuaji wa namna hii ugumu wa kukamata mimba huwa ni tatizo la kawaida kuliko kurudia kwa kasoro. Ndama jike mwenye ngiri mlee kwa nyama tu. Hata akishonwa akapona, sipendekezi azalishwe, kwani kushona hakuondoi alichorithi.

Katika daftari lako andika ndama wote wa fahali huyo waliozaliwa kwako, siyo wale wawili tu: tarehe, mama, uzito kama upo, kitovu kilivyokuwa siku ya kwanza na siku ya thelathini. Daktari atakayelisoma baadaye atahitaji idadi ya wazima kama anavyohitaji idadi ya walioharibika, na bila hiyo hataweza kukuambia kama wawili hao walikutana zizini mwako kwa bahati mbaya au walitoka kwa baba yao.